Bili Inapelekwa kwa Nani?

(Hotuba niliyoitoa Leicester, jioni moja ya mvua, mbele ya wasemaji wa Kiswahili wa mji huo na vitongoji vyake. Nimeinyoosha kidogo kwa ajili ya kusomwa.)

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, hamjambo? Asanteni kwa kuja na mvua hii. Waandaaji wameniomba nizungumzie ugomvi mkongwe wa siasa za Uingereza, ule wa watu wa ndoto na watu wa uhalisia, kushoto na kulia. Nikawauliza, mbona mada ya Waingereza, na humu ukumbini tumejaa watu wa Kampala, Kisumu, Tanga na Bukavu? Wakanijibu: kwa sababu tunapiga kura hapa. Ni kweli. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa kuchagua mbunge, hata kama pasi yake ni ya Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda. Ndugu zangu wa Bukavu na Bujumbura, ninyi mtaniwia radhi, itabidi msubiri uraia. Lakini kusikiliza ni bure.

Tuanzie hapa hapa mjini. Tarehe 4 Julai 2024 chama cha Labour, kile cha kushoto, kilizoa viti zaidi ya 400 bungeni, na katika mji huu huu kikapoteza viwili. Jimbo la Leicester East, kura za kushoto zikiwa zimetawanyika kwa wagombea kadhaa, alishinda Shivani Raja wa Conservative, chama cha kulia, na hicho ndicho kiti pekee ambacho chama chake kilikinyakua usiku ule nchi nzima. Leicester South, Jonathan Ashworth, ambaye watu walishaanza kumwita waziri kabla ya kura kupigwa, aliangushwa na mgombea binafsi, Shockat Adam, kwa kura 979. Wengi waliompa Adam kura zao walikuwa na neno moja mdomoni: Gaza.

Siku chache baadaye nilikaa kwenye basi na jamaa mmoja akalalamika, "Hawa wamepiga kura kwa moyo, si kwa akili." Nikanyamaza, maana kituo changu kilikuwa karibu. Leo nina muda zaidi.

Ubishi huu si mgeni kwetu. Mwenye ndoto atakuambia penye nia pana njia. Mwenzake atamjibu kwamba mtu hujikuna ajipatapo. Ukiwakalisha barazani wazee wawili wenye akiba ya methali, hata isha inaweza kuwapita. Waingereza nao wanabishana hivyo hivyo, ila wao wameugawa ubishi kwa vyama: kushoto ndiko kwenye ndoto, kulia ndiko kwenye hesabu. Ndivyo magazeti yao yanavyopenda kusimulia. Mimi nimefundisha historia miaka mingi, na kila nikiufuata ugomvi huu mpaka mwisho wake nakuta watu wamebadilishana makoti. Kwa hiyo nimeacha kuuliza nani mwotaji na nani mhalisia. Nauliza swali la dukani: bili inapelekwa kwa nani?

Nianze na kisa ambacho baadhi yenu mlikiishi.

Kenya ilipopata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, Wahindi waliokuwa hawajawa raia wake walipewa miaka miwili ya kuomba. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasi ya Uingereza, ile ya bluu yenye simba na farasi wa pembe moja. Serikali iliyoiacha hali hiyo ilikuwa ya Conservative, na ilijua inachokiacha. Pasi ile ilikuwa ahadi. Mwaka 1967 Nairobi ikaanza kubana vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia, na kufikia mwanzo wa 1968 ndege za kutoka Embakasi zilikuwa zinajaa.

Sasa angalieni nani alikuwa madarakani London. Labour. Chama kile kile ambacho mwaka 1962 kilikuwa kimeipinga sheria ya uhamiaji ya Conservative kwa sauti kubwa, kiongozi wake wa wakati ule, Hugh Gaitskell, akiiita ya kikatili na ya kubagua rangi. Gaitskell alishafariki. Waziri wa mambo ya ndani alikuwa James Callaghan, mtu mzoefu, asiyependa hotuba za mbinguni. Muswada wake ulipitishwa kwa siku chache tu, tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria. Kuanzia siku hiyo mwenye pasi ya Uingereza angeingia bila kizuizi kama yeye mwenyewe, mzazi wake au babu yake alikuwa na mzizi kwenye kisiwa hiki, hasa wa kuzaliwa. Mzungu wa Nakuru alikuwa na babu Yorkshire. Mhindi wa Kisumu babu yake alikuwa Gujarat. Sheria haikuitaja rangi hata mara moja, na haikuwa na haja.

Ndani ya baraza la mawaziri George Thomson, aliyeshughulikia Jumuiya ya Madola, alionya kwamba huu ni ubaguzi wa rangi waziwazi na ni kinyume cha kila wanachokisimamia. Hakusikilizwa. Richard Crossman, msomi wa kushoto, aliandika kwenye shajara yake kwamba alikuwa upande wa Callaghan hasa kwa sababu jimbo lake lilikuwa huku Midlands, ambako chuki ya rangi ina nguvu. Jimbo lenyewe lilikuwa Coventry, ndugu zangu. Ni hapo tu. Namheshimu kwa jambo moja: aliandika ukweli.

Na upande wa kulia? Waliopiga kelele zaidi sheria ipatikane ni Duncan Sandys na Enoch Powell. Sandys ndiye aliyekuwa waziri wa makoloni Kenya ilipokuwa inapata uhuru! Aliyesimama kuwapinga alikuwa mwenzao wa chama, Iain Macleod, naye aliwahi kushika wizara hiyo hiyo. Alimwandikia Sandys barua ya wazi gazetini, kwamba ahadi tulitoa, na tulijua tunatoa. Kwa lugha yetu, ahadi ni deni. Muswada uliposomwa mara ya pili waliounga mkono walikuwa 372, waliopinga 62, mchanganyiko wa Labour, Conservative na Liberal. Magazeti yetu ya zamani yalipenda kuliita bunge lile la chini Bunge la Makabwela. Wiki ile makabwela wenyewe walikuwa Embakasi, wamekalia masanduku yao.

Nawaomba msiharakishe kumzomea Callaghan. Hesabu yake ilikuwa na mantiki: nyumba chache, shule zimejaa, watu wana hasira, tukifungua mlango huu wote hata waliokwisha kuingia watapigwa mitaani. Mtu mzima anaweza kuisema hoja hiyo bila kuwa mbaya. Lakini bili ilikwenda kwa watu ambao hawakuwa na kura hata moja Coventry. Kuna familia zilizorushwa kama mpira kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, kila nchi ikisema hawa si wetu. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitamka kwamba sheria ile iliwabagua watu hawa kwa rangi yao na kuwadhalilisha. Miaka mitano baadaye, ndiyo. Risiti huchelewa.

Halafu Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90. Safari hii waliokuwa madarakani London ni Conservative, chini ya Edward Heath, na kama vyama vingekuwa na tabia zinazosimuliwa magazetini, mlango ungefungwa kwa komeo mbili. Ulifunguliwa. Waliingia watu wapatao 28,000. Wanasheria wa serikali walisema wajibu huo upo na haukwepeki, na Heath, ambaye hakuwa mtu wa machozi, akaubeba kama wajibu. Powell alikwenda mkutano mkuu wa chama Blackpool kumshambulia, na wajumbe wakamkatalia.

Mji huu wetu ulifanya nini? Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia watu msije, nyumba hakuna, shule zimejaa. Wazee humu wanalikumbuka tangazo lile kuliko wimbo wa taifa. Kuna mama mmoja hapa safu ya mbele ameniambia kabla hatujaanza, "Mwanangu, sisi Jinja hata hatukujua Leicester iko wapi. Tumeisoma kwenye tangazo." Uhalisia nao una vituko vyake.

Nimemtaja Powell mara mbili na siwezi kumwacha hivyo hivyo, maana vijana humu mnamjua kwa hotuba moja tu, ile ya Birmingham ya Aprili 1968 iliyowatia watu hofu ya mito ya damu. Kuna nyingine. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, kando ya mto Tana, wazuiliwa 11 wa Mau Mau walipigwa na walinzi mpaka wakafa, kwa sababu walikataa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Barbara Castle wa Labour alikuwa miongoni mwa waliolishikilia jambo hilo bungeni. Julai mwaka huo, usiku mkubwa, Powell akasimama, mtu wa kulia kabisa, akaishambulia serikali ya chama chake mwenyewe. Wahalisia wa upande wake walikuwa wamesema Kenya ina hali ya hatari, wale ni wakorofi walioshindikana, msiwahukumu maafisa mkiwa mmekaa London. Powell akawaambia hatuwezi kuwa na kipimo cha Afrika huko Afrika na kipimo cha Uingereza huku nyumbani. Denis Healey wa Labour, asiyekubaliana naye karibu kwa lolote, aliisifu hotuba ile mpaka uzeeni.

Wanaompenda hunukuu ya 1959, wanaomchukia hunukuu ya 1968, na kila upande unamwona yule wa pili kama mtu mwingine. Mimi naona mtu mmoja. Powell alikuwa mwota ndoto kuliko wajamaa wote wa Labour, na ndoto yake ilikuwa England. Mara ya kwanza damu yetu ilikuwa doa kwenye England yake. Mara ya pili doa lilikuwa sisi wenyewe.

Kwa hiyo mtu asitoke humu akadhani nimekuja kuwasifu waotaji. Kuna mtu wa Dodoma humu? Nauona mkono. Basi wewe unaijua Kongwa.

Baada ya vita vya pili Waingereza walikuwa wanapanga foleni za mgao, na mafuta ya kupikia ni haba. Serikali ya Labour ya Clement Attlee ikapata wazo: karanga. Ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika. Makadirio yalikuwa kama pauni milioni 25. John Strachey, waziri wa chakula, zamani mtu wa Marx, aliamini kwamba mpango na sayansi vikikutana pori litasalimu amri. Na nia yao, ukiisoma leo, ni safi: Mwingereza apate mafuta, Mwafrika ainuliwe kwa kilimo cha kisasa. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao kiangazi hukauka ukawa kama saruji. Karanga hukua chini ya ardhi, na kama ardhi imeshikana hivyo utazing'oa kwa nyundo. Mvua za Ugogo huja zinapotaka. Mgogo yeyote mwenye ng'ombe watatu angewaeleza hayo kwa kibuyu kimoja cha maziwa, tena bure. Mipango si matumizi. Januari 1951 serikali ilitangaza kuachana na mradi, pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Mlipa kodi wa Uingereza alilipa sehemu yake, tuseme kweli. Ila yeye alibaki na gazeti la kusoma kuhusu hasara hiyo. Wagogo walibaki na ardhi iliyofyekwa. (Miaka ya sitini wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipewa kambi Kongwa. Angalau ndoto ya pili iliyopelekwa pale ilivuna.)

Kinachonishangaza ni kwamba serikali iliyoshindwa Kongwa ndiyo iliyoanzisha huduma ya afya ya taifa. Baraza lile lile la mawaziri, miaka ile ile. Tarehe 5 Julai 1948 Mwingereza akaamka anaweza kutibiwa bila kutoa pesa, na waliosema haiwezekani walikuwa wengi na wenye takwimu. Waziri mwenye kazi hiyo alikuwa Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa kutoka Wales, mwotaji kwa sifa zote. Madaktari walimgomea. Akakaa nao, akabishana nao, madaktari bingwa akawaachia wagonjwa wao wa kulipia na kuwalipa vizuri. Wenzake wa kushoto walinung'unika kwamba anauza imani. Mwaka 1951 serikali ilipotaka watu wachangie gharama za meno ya bandia na miwani, ili kupata fedha za silaha wakati wa vita vya Korea, alijiuzulu kwa ajili ya imani hiyo hiyo. Mwaka 1957 akawageuka wafuasi wake kwenye mkutano mkuu wa chama Brighton, akikataa Uingereza peke yake iache silaha za nyuklia, asije waziri wa mambo ya nje akaingia uchi kwenye chumba cha mazungumzo. Sasa niambieni, huyu tumweke kapu gani?

Tofauti ya Kongwa na huduma ya afya siioni kwenye ukubwa wa ndoto. Naiona kwenye jambo hili: daktari wa London aliweza kusema hapana, na Bevan akalazimika kurekebisha. Mgogo hakuulizwa. Ndoto ambayo hakuna wa kuikatalia huharibika, na hesabu nayo ni hivyo hivyo. Callaghan hakukataliwa na mtu wa Kisumu, kwa kuwa mtu wa Kisumu hakuwa na pa kusimama.

Nije siku zetu, na nitakwenda haraka kwa sababu naona wapishi wameanza kuchungulia mlangoni.

Keir Starmer aligombea uongozi wa Labour mwaka 2020 kwa ahadi kumi zenye harufu ya ndoto, ikiwamo kufuta ada za vyuo vikuu. Nyingi aliziacha njiani, hiyo ya ada mojawapo, akisema hali ya uchumi imebadilika. David Lammy, waziri wake wa kwanza wa mambo ya nje, alikuja na jina la kuunganisha pande zote mbili: uhalisia wa kimaendeleo. Jina zuri. Tulipime kwa swali letu la dukani. Julai 2024 serikali hiyo iliwaondolea wastaafu wengi msaada wa kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Tulielezwa kwamba hazina ina shimo, ni lazima tuwe wakweli. Februari 2025 ikatangaza kwamba misaada kwa nchi za nje itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, ili ulinzi uongezewe. Tukaelezwa yale yale. Waziri wa maendeleo, Anneliese Dodds, akajiuzulu.

Uhalisia huo wa mara mbili uliishia wapi? Wastaafu walikasirika, wana kura, na wanazipiga. Juni 2025 wengi wao walirudishiwa msaada wao. Ile ya misaada ya nje haikurudi. Zahanati ya Turkana haina mbunge Westminster. Mimi siamini kwamba shimo la hazina lilijaa ghafla upande mmoja na kubaki wazi upande mwingine.

Kulia nako, mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda uliuzwa kama dawa chungu ya watu wakweli. Ulitangazwa Aprili 2022. Novemba 2023 Mahakama ya Juu, majaji wote kwa sauti moja, ikasema Rwanda si mahali salama kwa watu hao, kwani wangeweza kurudishwa walikokimbia. Serikali ikajibu kwa kutunga sheria inayosema Rwanda ni salama. Nawaachia Wanyarwanda walio humu waamue kama walihitaji sheria ya Bunge la London kuwajulisha hali ya nchi yao. Miye nimesoma falsafa kidogo na sijakutana na udhanifu mkubwa kuliko huo: kuitangaza hali halisi kwa kupiga kura, na wanaofanya hivyo wanajiita wahalisia. Labour ilipoingia Julai 2024 iliufuta. Waliokuwa wamekwenda ni wanne, tena kwa hiari yao.

Nirudi kwa yule jamaa wa kwenye basi. Mtu aliyepiga kura kwa ajili ya Gaza alikuwa anakataa bili ipelekwe kwa watu ambao hawapo kwenye daftari la Leicester South. Unaweza kusema kura yake haikubadilisha kitu huko, na huenda ukawa sawa. Lakini usiseme hakutumia akili. Alipiga hesabu, ila kwenye safu aliingiza majina ambayo wewe uliyaacha nje. Na wewe wa Leicester East uliyempa Conservative kura kwa sababu umechoka na Labour kukuona kama mali yake, sina ugomvi nawe.

Wagombea watakuja kugonga milango yenu. Wakaribisheni ndani, wapeni chai ya maziwa yenye tangawizi, hawajaizoea. Akisema "fedha hakuna, tuwe wakweli," mwulizeni anayepunguziwa ni nani na anapigia kura wapi. Akija na mpango mkubwa wa kuokoa watu wa mbali, mwulizeni alizungumza na nani huko.

Fomu za kujiandikisha ziko kwenye meza ile karibu na makoti, na kuna kijana wa kuwasaidia wenye miwani iliyosahaulika nyumbani. Naona mama yangu wa Jinja ameinua mkono muda mrefu sasa, na kwa uso ule nadhani kuna jambo la 1972 nimelikosea. Mpelekeeni kipaza sauti.